Ajue Herufi, Lakini Asisome

Nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita dana, hakuwahi kuuliza kama mtu ni Mkristo. Aliuliza, "Huyo anasoma?" Akija mchumba wa binti wa jirani, akija fundi wa kuezeka nyumba, swali lilikuwa hilo hilo. Nikiwa mtoto pale Rangwe nilidhani anataka kujua mtu amefika darasa la ngapi. Nilichelewa kuelewa kwamba katika ujana wake mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Misheni ilipofika upande wetu, aliyetaka kubatizwa ilimbidi ajifunze kusoma kwanza, na aliyetaka kusoma hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Basi waliobatizwa wakaitwa wasomaji, na waliobaki na mila za baba zao wakawa ndio wale wasiosoma.

Dana mwenyewe alikwenda huko kwa sababu ya barua. Babu alikuwa kibarua katika mashamba ya chai Kericho, na barua zake zilipofika zilisomwa na katekista mbele ya kila aliyekuwepo. "Kijiji kizima kilijua mume wangu anasema nini kabla sijafika nyumbani," aliniambia. Siku moja akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kuketi chini pamoja na watoto wa darasa la ubatizo. Kulikuwa na ubao mmoja, kitabu kimoja cha Injili na fimbo ndefu ya kuonyeshea. A, e, i, o, u. Ba, be, bi, bo, bu. Waliimba hivyo mpaka wakaziota usingizini. Mwisho wa mwaka padre alikuja, akafungua kitabu popote alipopenda, akaweka kidole. Aliyesoma alibatizwa Jumapili ile. Aliyekwama alirudi kuimba mwaka mwingine.

Dana alikwama mara moja, mwaka wa pili akapita. Alitafuta barua akapata na Mungu, na sikumsikia hata siku moja akijutia kimoja kati ya hivyo viwili.

Ni yeye aliyenifundisha mimi, kabla sijaanza shule, kwa kitabu chake cha Injili cha Kiluo chenye jalada jeusi lililokuwa limeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Nilikuwa na masikio mepesi. Alichonisomea jioni nilikuwa nacho kichwani asubuhi, na nilipita na kidole juu ya mistari nikitaja kila neno mpaka mwisho wa ukurasa. Wajomba walinisifu. Dana alinisikiliza, akasema, "Umeimba vizuri. Sasa soma."

Akafungua ukurasa wa majina. Ni ule ukurasa ambao fulani alimzaa fulani, na huyo fulani akamzaa mwingine, kizazi baada ya kizazi, majina ya mataifa ya mbali, mengi yake hakuna mtu wa Rangwe aliyewahi kuitwa. Sikuweza kumaliza hata mstari mmoja. Nililia. Hakunichapa wala kunibembeleza. Aliniambia hadithi mtu anaweza kuikisia, sala mtu anaweza kuikariri, lakini jina la mgeni halikisiki. Lazima ulishike herufi moja moja kama anayevuka mto kwa mawe. Tulikaa kwenye ukurasa ule msimu mzima wa kupalilia. Tulipoutoka nilikuwa najua kusoma.

Nayasema haya kwa sababu ya yaliyonikuta Migori nikiwa mtu mzima tayari.

Niliolewa Oyugis, nikahamia dhehebu la Wasabato kwa mume wangu, na mume wangu alipofariki nikaenda kuuza omena, dagaa wadogo wa ziwani, kwenye soko dogo karibu na mpaka wa Tanzania, kati ya Wakuria. Mzigo wangu ulitoka Kisegi, kando ya ziwa. Sikuijua lugha yao zaidi ya salamu, nao hawakuijua yangu, kwa hiyo maisha yangu yote pale yalikwenda kwa Kiswahili, kile cha sokoni, kisichojali sana ngeli. Nilikodi chumba na stoo yenye baraza, na mbele yake ua wa kuanikia omena zilizopata unyevu njiani. Kanisani walinipa darasa la watoto.

Ukaja mwaka ule wa barakoa. Shule zikafungwa, kanisa likafungwa, na vitabu vya shule vikabaki vimefungiwa kwenye stoo ya shule. Baada ya miezi miwili jirani zangu watatu wa kanisani wakaniomba nishike watoto wao kidogo, wasisahau kila kitu. Mzee wa kanisa letu alikuwa na katoni ya Agano Jipya la Kiswahili, vitabu vidogo ambavyo vingegawiwa kwenye mkutano wa makambi uliofutwa. Akaniletea. "Hivi ndivyo vilivyopo," alisema. "Fundisha navyo."

Nikawaketisha watoto watatu kwenye pembe tatu za baraza. Wiki ya kwanza nikagundua kwamba wote watatu walikuwa waimbaji kama nilivyokuwa mimi. Mstari wa kukariri walikuwa nao, herufi walizijua moja moja kama watu wanaokutana njiani na hawasalimiani. Nikafungua ukurasa wa majina.

Nimesikia kwamba huko Pwani, karne nyingi zilizopita, mtoto wa chuoni, yaani madrasa, alianza na ubao na maandiko matakatifu, akifuata sauti ya mwalimu mpaka macho yake yakapata kuijua. Na ng'ambo vivyo hivyo, watoto walijifunza herufi kwa sala kabla ya kujua neno la kuombea chumvi. Sikuwaza hayo wakati ule. Nilichowaza ni kwamba ninafanya alichofanya dana, kwa sababu ileile, ya kutokuwa na kitabu kingine.

Jirani yangu wa upande wa mtoni alikuwa mfugaji, mtu wa makamo, mrefu, mwenye maneno machache. Hakuwa wa kanisa lolote. Alifuata mila za baba zake na hakulificha hilo wala hakulitangaza. Alikuwa akinunua omena kwangu Jumatatu. Jumatatu moja alilipa, akachukua mfuko wake, na badala ya kuondoka akasimama akiwatazama watoto.

"Mama," akasema, "hao unawafundisha kusoma?"

"Najaribu, mzee."

"Mtoto yangu iko darasa la tatu. Msichana. Ukimpa gazeti anaangalia picha."

"Mlete."

Alihamisha mfuko kutoka mkono huu hadi ule.

"Nataka ajue herufi," akasema. "Lakini sitaki asome."

Mtoto mmoja alicheka. Mimi sikucheka. Ilikuwa miaka mingi tangu nisikie neno hilo likitumiwa hivyo, na hapa lilikuwa linatoka kwa mtu wa kabila jingine, upande wa wale wasiosoma.

"Mzee, kitabu nilicho nacho ni hiki tu."

"Kitabu sina shida nayo. Herufi ni zile zile. Usimwombeshe tu. Na usimpe jina ya kanisa."

"Ana jina lake," nikasema.

"Basi."

Binti alikuja kesho yake, miaka tisa au kumi, nywele zimenyolewa, amevaa sweta la shule ingawa shule haikuwepo. Wale watatu nilikuwa naomba nao kabla ya kuanza. Yeye nikamwambia aje baadaye kidogo, jua likishafika kwenye mlango wa stoo. Lakini alipenda kuwahi. Alisimama nje ya ua, akiwafukuza kuku wasidonoe omena kwenye nyavu, na akitusikia tumesema amina anafungua lango na kuingia. Hakuna aliyemwagiza. Alijipangia mwenyewe.

Alinyamaza kwa wiki mbili hivi. Ilipofika zamu yake alinong'ona tu. Kisha siku moja, kwenye ukurasa wa majina, akaniuliza, "Huyu ni baba ya huyu?"

"Ndiyo."

"Na huyu, baba yake ni huyo wa juu?"

"Ndiyo. Wanapanga kutoka kwa wa zamani."

Alitazama ukurasa kwa jicho jipya. "Baba yangu anajua kumi," akasema. "Akitaja haraka hapumui."

Tangu hapo ukurasa ule ulikuwa wake. Wenzake waliuona kama adhabu. Yeye aliuona kama ukoo wa watu. Alipasua kila jina silabi kwa silabi, akalirudia mpaka likanyooka, ndipo akaenda kwa mwanawe. Mwezi ulipoisha alikuwa akisoma ukurasa wowote ninaomfungulia, polepole lakini bila kuimba. Wale watatu walikuwa bado nyuma yake. Nilikuwa nimewafundisha watoto wengi wa kanisa mistari mingi, lakini kumfundisha mtoto kusoma kweli kweli, tangu mwanzo, huyo ndiye alikuwa wa kwanza wangu. Nilijivuna, na mtu akijivuna hutafuta wa kumwonyesha.

Kanisa likafunguliwa. Mwanzoni watoto hawakuruhusiwa, baadaye wakaruhusiwa. Mzee wa kanisa akapita kwangu kuona vitabu vilikuwa vimefanya kazi gani. Nikamwita binti, akasoma. Mzee akafurahi sana, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Sabato hii waje wote wanne wasome mbele ya watu," akasema. "Kanisa limtukuze Mungu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Nilisema sawa.

Ijumaa nilimwambia binti aje kesho kanisani, asome kama anavyosoma hapa. Akaniuliza, "Baba anajua?"

"Ni kusoma tu," nikamwambia.

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi kichwani. Lilikuwa na maneno matatu na hakuna lililokuwa uongo, lakini nilijua vizuri nilichokuwa nafanya. Mtoto alikuwa ameniuliza swali moja nami nikamjibu jingine.

Alisoma vizuri kuliko wote. Alisimama kwenye kiti ili aonekane, akashika kitabu kwa mikono miwili, akasoma kifungu kizima bila kukwama. Watu wakasema amina. Kisha mzee wa kanisa akasimama, akaweka mkono juu ya kichwa chake, akatangaza kwamba huyu ni kondoo wa nje ya zizi aliyeingia, na kwamba siku yake ikifika tutamchagulia jina zuri. Watu wakasema amina tena. Binti akanitafuta kwa macho. Nikainama kama ninayetafuta kitu kwenye mkoba.

Jumatatu hakuja. Baba yake pia hakuja kununua omena. Jumanne kuku walidonoa omena yangu wakashiba. Jumatano nilijiambia labda ana homa. Alhamisi nilifunga stoo mapema, nikatelemka kwenda kwao.

Nilimkuta jirani yangu mbele ya nyumba akisuka kamba ya kufungia ndama. Alinisalimia kwa adabu yote. Mkewe akaniletea kigoda na kikombe cha uji, akaingia ndani. Nikaketi. Nikajua ni mimi ninayesubiriwa.

"Mzee, nimekuja kusema nimekosa," nikasema. "Uliniambia maneno mawili nikakubali. Halafu nikampeleka mtoto kanisani bila kukuuliza."

Aliendelea na kamba yake. "Kwa nini hukuuliza?"

"Nilijua utakataa."

"Ningekataa," akasema. "Lakini ungekuwa umeniuliza."

Akaiweka kamba chini. Ndipo akanieleza habari za baba yake, bila hasira, kama mtu anayeeleza mpaka wa shamba.

Baba yake alikuwa kijana wakati darasa la misheni lilipofunguliwa upande wao. Aliuza ng'ombe minadani, pande zote mbili za mpaka, na alichoka kupewa karatasi asizojua zinasema nini. Akaenda kujifunza. Alikuwa na kichwa chepesi. Walikuwa na kadi za silabi zilizotundikwa ukutani, wakimaliza moja wanakwenda nyingine, na mwisho wa kadi zote kulikuwa na Injili. Alifika kwenye ma, me, mi, mo, mu. Msimu huo baba wa kijana huyo akafa. Mwalimu akamwambia yule kijana kwamba amefika mahali pa kuchagua: achukue jina jipya aendelee na kadi zinazofuata, au aende akashiriki matambiko ya kumzika baba yake. Viwili pamoja haiwezekani.

"Akaenda kuzika baba yake," jirani yangu akasema. "Hakurudi."

"Kwa hiyo hakujua kusoma."

"Alijua nusu. Hiyo ndiyo mbaya. Ukimpita na gunia yenye maandishi, anasoma nusu ya neno, ingine anauliza sisi watoto. Kama neno iko na *ma* ama *ba* anaruka nayo, anafurahi. Ikija *sa*, ananyamaza. Mpaka amekufa mzee alikuwa anasoma nusu."

Nilimfikiria dana wangu kwenye darasa kama lile lile, silabi zile zile, labda mwaka ule ule. Yeye hakukutana na mlango wenye masharti aliyoshindwa kuyabeba. Ningekuwa nani mimi leo kama mama mkwe wake angefariki wiki moja kabla ya padre kuja?

"Mimi nimesikia," akasema mwisho. "Lakini si mimi peke yangu umekosea. Sema na yeye."

Akamwita binti kutoka nyuma ya nyumba. Alikuja akasimama mbali kidogo, mikono mgongoni. Sijawahi kuzoea kuomba msamaha kwa mtoto. Kwetu mtoto huombwa maji. Nikamwambia kwamba aliponiuliza kama baba yake anajua, nilipaswa kusema hapana, hajui, na kwamba sikusema hivyo kwa sababu nilitaka watu wamwone.

Alifikiri. "Ule mkono kwa kichwa," akauliza, "ulikuwa ubatizo?"

"Hapana. Ubatizo ni maji."

"Maji haikuwepo," akamwambia baba yake.

"Nimesikia," baba akasema. Kisha akaniambia, "Mama, aendelee. Lakini hapa. Nikiwa naskia."

Ndipo nikawa natelemka mtoni mara mbili kwa wiki, alasiri, nikishafunga mizani. Wale watatu nikaendelea nao barazani asubuhi. Kule nyumbani kwa mfugaji hakukuwa na sala wala wimbo. Kulikuwa na kigoda changu, binti kwenye mkeka, na baba yake kando akinoa panga au akisuka kamba, amegeuza uso kama asiyesikiliza. Alisikiliza kila neno. Ukurasa wa majina aliupenda. Alitikisa kichwa kwa kila kizazi. "Hawa watu walijua baba zao," alisema, na hiyo ikawa sifa pekee aliyowahi kukipa kile kitabu.

Siku moja tulifika kwenye ile hadithi ya mzee mwenye wana wawili. Nimeisikia tangu tumboni. Mdogo anaomba urithi wake baba akiwa bado hai, anapewa.

"Huyo baba ni mgonjwa?" jirani yangu akauliza.

Binti akanitazama. "Hapana," nikasema.

"Mtu anagawa mali akiwa mzima? Amejizika."

Binti akaendelea. Mdogo akaenda mbali, akatapanya, akapata njaa, akarudi. Baba akafurahi, akaagiza ndama aliyenona achinjwe. Kukawa na ngoma. Na mkubwa alikuwa shambani.

"Simama," jirani yangu akasema. Kamba ilikuwa imelala magotini pake. "Ndama hiyo ilikuwa inachungwa na nani?"

"Haijasema," binti akajibu.

"Ni mkubwa. Yuko shambani mpaka jioni, ni nani mwingine? Watu wanachinja ndama amelea, wanapika, wanacheza ngoma, na hakuna mtu hata mmoja anasema, nendeni mkamwite? Anasikia ngoma akiwa njiani kama mgeni?" Alikuwa amenigeukia mimi, kana kwamba niliiandika mimi. "Mama, hiyo ni haki?"

Nimekaa kwenye mabenchi ya makanisa mawili, zaidi ya miaka hamsini. Nimesikia hadithi ile ikihubiriwa kwa machozi, na kila mara tulifundishwa kwamba yule mkubwa ana kijicho. Hakuna mhubiri aliyewahi kuuliza ni nani alimlisha yule ndama. Baadaye nilikuja kujua kwamba jirani yangu alikuwa na mdogo wake aliyeenda mjini na kurudi mikono mitupu, zaidi ya mara moja, na kwamba wazazi wao kila mara walimpokea kwa shangwe. Siku ile sikujua.

"Baba, ngoja," binti akasema. Alikuwa ameweka kidole pale aliposimama, hakukiinua. "Bado haijaisha."

Sikuwahi kumsikia akimwambia baba yake angoje. Nadhani hata yeye alishtuka. Lakini baba aliifunga midomo, naye akasoma. Mkubwa alikasirika akakataa kuingia. Basi baba yake akatoka nje, akamsihi.

"Baba mwenyewe ametoka?"

"Ametoka."

"Hakutuma mtu?"

"Ametoka mwenyewe. Imeandikwa hapa."

Akasoma mpaka mwisho: mkubwa akitoa malalamiko yake yote, baba akimjibu kwa upole. Ng'ombe walikuwa wakirudi, tukazisikia kengele.

"Na akaingia?" jirani yangu akauliza, kwa sauti ya chini.

Binti akatazama ukurasa. Akafunua wa pili, akarudi. "Haijasema."

"Angalia tena."

"Nimeangalia, baba. Inaishia hapo."

Alikitazama kitabu mpaka ng'ombe wa kwanza alipofika zizini. Ndipo akainuka kwenda kuwafungia, na kabla hajafika akacheka kidogo peke yake, kicheko cha mtu aliyeshindwa kwa haki. "Wamejua kuacha," akasema.

Njiani kurudi kwangu nilitembea polepole. Nilikuwa nimemfundisha mtoto herufi, hilo nililijua. Lakini kule uani niliona kitu ambacho dana alikipata na mzee wa kadi za ukutani alikikosa: mtoto aliyeweza kumwambia mkubwa wake, asubiri, maneno bado yapo, na akayatoa. Hakuyatoa kwa niaba ya kanisa wala ya mwalimu. Alisoma tu kilichoandikwa, na pale pasipoandikwa kitu akasema hapajaandikwa.

Mzee wa kanisa hakupendezwa. Alikuja barazani kuniuliza kwa nini yule binti haonekani tena. Nikamweleza. "Unafungua kitabu cha Mungu kama kitabu cha a, e, i, o, u," akaniambia kwa masikitiko. Nikamwambia kwamba kwa watu wengi waliotutangulia kilikuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, na waliokubali vyote walipita, na waliokubali kimoja walifukuzwa na nusu. Akasema huko si kufukuza, ni kuchagua. Hatukuelewana. Mwezi uliofuata darasa la watoto akapewa mama mwingine. Niliumia, na sikumchukia. Mvua kubwa ilipopasua paa la stoo yangu, yeye na wanawe ndio waliopanda na mabati.

Shule zilifunguliwa Januari. Mwalimu wa darasa alimwita jirani yangu, akitaka kujua mtoto alisomeshwa wapi mwaka mzima, maana alikuwa anasoma majina ya wenzake wote kwenye daftari la mahudhurio kabla mwalimu hajamaliza kuyaita. Jirani yangu alinisimulia hayo sokoni, mbele ya wateja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akijisifu.

Mwaka juzi mama yangu aliugua nikarudi Rangwe. Nilipokwenda kuwaaga, mke wa jirani yangu alinipa kibuyu cha maziwa ya mgando. Binti akaniuliza kama kile kitabu kidogo anaweza kubaki nacho. Mimi nikamtazama baba yake. Safari hii niliuliza.

"Abaki nayo," akasema. Akakichukua, akafungua kabati, akakiweka juu ya rafu pamoja na karatasi za chanjo ya ng'ombe na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mahali ambapo panya hawafiki.

Sasa binti yuko sekondari msingi. Hajabatizwa, na kama siku moja atabatizwa au la, hilo nimeliacha kwake. Huwa tunazungumza kwa simu. Wiki tatu zilizopita hakuwa yeye aliyepiga, alikuwa baba yake. Alinisalimia kirefu, akauliza hali ya mama, hali ya mvua, bei ya omena huku kwetu. Kisha akafika kwenye jambo lenyewe. Binti anamfundisha mdogo wake kusoma, na huyo mdogo ana kichwa kigumu. Amekataa hadithi za watu. Anataka za ng'ombe.

"Tumefungua hii kitabu yote," akasema. "Ndama ni hiyo moja tu, na inachinjwa. Ng'ombe hawako?"

Nikamwambia ng'ombe wako kwenye sehemu ya kwanza, ile ya zamani, ambayo kitabu chake hakina, na kwamba nitawatumia kitabu kizima kwa gari la omena.

"Ni wengi?"

"Ni wengi, mzee. Kuna mahali wako saba wanono, na saba wengine wamekonda mpaka wanahesabika mbavu."

"Ukame," akasema mara moja, na nikamsikia akigeuka kuwaambia watoto.